Nauli ya Dar Haitoshi

Ujumbe ni ule ule kwenye makundi yetu, kuanzia Dar hadi Muscat: mtoto wa ndugu huko Newala au Masasi ana mtindio wa ubongo, tuchange apelekwe hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Tunachanga, anapelekwa, anarudi. Msimu wa korosho unaofuata anachangiwa tena, na bado hawezi kukaa mwenyewe.

CCBRT haina kosa. Mazoezi tiba si sindano. Mtaalamu humnyoosha mtoto misuli na kumzoesha kushika shingo, kisha humwonyesha mama afanye hivyo nyumbani kila siku. Mama asipoendeleza, misuli hukakamaa upya. Sisi tunalipa safari moja kubwa, kliniki za kila mwezi hazina mlipaji.

Kikwazo cha kwanza kiko kliniki ya watoto. Mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, basi. Mama akisema mwanawe hakai, anaambiwa wengine huchelewa. Huchelewa kweli, lakini asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi 9, au asiyetembea akiwa na miezi 18, achunguzwe. Mama asiondoke bila barua ya rufaa. Asiye na barua hurudishwa dirishani hata akiwa na kadi ya bima ya afya. Na ingawa sera inawasamehe gharama watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali, wapo wanaoambiwa walipe kwanza. Sera huandikwa Dodoma, dirishani haijulikani!

Wazazi waanzie hospitali za karibu: Mkomaindo ya Masasi, hospitali ya wilaya Newala, au Ndanda; ikishindikana, Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini, zote za Mtwara. Wapige simu kwanza kuulizia siku za mtaalamu wa mazoezi tiba.

Watoto waliozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani, hukwama kwingine. Plasta hubadilishwa kila wiki hadi mguu unyooke, kisha huja viatu vyenye chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu hadi miaka 4 au 5. Wazazi huvivua wakiona mguu umenyooka, nao hupinda tena.

Kwa hiyo anayechangisha tumwulize: barua ipo? Mama ameonyeshwa mazoezi gani? Nauli ya kliniki kwa mwezi ni kiasi gani? Tutume hiyo, kila mwezi. Na tuache kupakia kwenye kontena za kutuma nyumbani viti vya magurudumu vya watu wazima: mtoto akikalia kiti kinachompwaya, mgongo unaweza kupinda.