PICHA YA KADI ISIWE KIVULI
Jinsi ya kupanga rangi wakati wa kuchapa picha za simu na kompyuta



Kadi ya chama ina picha. Kitambulisho cha kupitia langoni kina picha. Picha hiyo ina kazi moja tu, nayo ni kumwonyesha mtu asiyekujua kwamba wewe ndiwe mwenye jina lililoandikwa hapo. Picha isiyoonyesha sura imeshindwa kazi yake, hata kama imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa na imekwisha lipiwa.

Huku kwetu kaskazini ya Cabo Delgado jambo hili si dogo. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na tena Palma ilipovamiwa tarehe 24 Machi 2021, watu wengi walikimbia na nguo za mwilini tu, wakaacha karatasi zao nyuma. Wengi wao ilibidi wapige picha upya. Katika kazi ya kuandikisha wanachama nimeshika kadi nyingi ambazo macho hayaonekani wala pua haionekani. Ni kivuli tu mbele ya ukuta mweupe. Mwenye kadi ya namna hiyo akikutana na mlinzi mgeni langoni hana la kujitetea. Akirudishwa nyumbani, siku imepotea na ujira umepotea.

Ukimwuliza mpiga picha, mara nyingi jibu ni hili: "Ndugu, wewe ni mweusi mno, mashine ndivyo inavyotoa." Jibu hilo si kweli. Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa nini si kweli, na kueleza mambo ya kumwambia mwenye mashine ili picha itoke kama inavyopasa.

MASHINE HUFUATA ILIVYOPANGWA

Hapana mashine inayojua rangi ya mtu. Mashine hufuata kipimo ilichowekewa, na kipimo huwekwa na watu.

Tuchukue mfano wa zamani. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hiyo ikaitwa "Shirley". Fundi alilinganisha rangi za mashine yake na ngozi ya mwanamke yule. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi akipigwa picha, alitolewa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo kosa halikuwa katika ngozi. Kosa lilikuwa katika kipimo.

Na wafanyakazi hawakunyamaza siku zote kuhusu picha za vitambulisho. Mwaka 1970, huko Cambridge, Massachusetts, wafanyakazi wawili wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kuwa mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikitumika kutengeneza picha za vitabu vya pasi ambavyo serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliwalazimisha Waafrika kuvibeba. Walianzisha harakati ya wafanyakazi na kutoa wito wa kususia bidhaa za kampuni. Hunter alifukuzwa kazi mwaka 1971. Lakini mwaka 1977 Polaroid iliacha biashara yake Afrika Kusini. Tunajifunza hapa kwamba picha ya kitambulisho ni jambo la wafanyakazi, na kwamba mambo ya mitambo yanaweza kuhojiwa na watu wa kawaida.

Hapa nchini tunaye mfano wa mtu aliyeitawala mashine. Ricardo Rangel, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2009, alianza kazi katika chumba cha giza cha kusafishia picha. Mwaka 1952 akawa mpiga picha wa kwanza asiye Mzungu kuajiriwa na gazeti katika Msumbiji ya wakoloni. Mwaka 1983 aliongoza kuanzishwa kwa kituo cha kufundishia upigaji picha mjini Maputo. Katika chumba cha giza fundi ndiye aliyeamua sura itoke na mwanga kiasi gani. Siku hizi chumba cha giza kimekuwa kompyuta, lakini uamuzi bado ni wa mtu.

RANGI NI HESABU

Simu ikipiga picha haihifadhi rangi yenyewe. Huhifadhi tarakimu. Kila nukta ya picha ina tarakimu tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kila moja huanzia 0 mpaka 255. Sifuri tatu ni weusi kabisa; 255 tatu ni weupe kabisa.

Lakini tarakimu peke yake haitoshi. Ukiambiwa "leta kumi", utauliza: kumi za nini, kilo au debe? Hata rangi ina vipimo vyake. Kipimo kinachotumika zaidi huitwa sRGB. Kilipendekezwa mwaka 1996 na kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft, na mwaka 1999 kikawa kipimo cha kimataifa. Vipo vingine vyenye rangi nyingi zaidi, kama Adobe RGB na kile kinachotumiwa na baadhi ya simu mpya. Picha iliyopigwa kwa Adobe RGB ikisomwa kana kwamba ni sRGB, rangi zake hupauka. Ndiyo maana picha nyingi husafiri na kibandiko kinachosema zimepimwa kwa kipimo gani. Kibandiko hicho huitwa profaili.

Mashine ya kuchapia nayo ina lugha yake. Haina nyekundu, kijani na buluu. Ina wino wa buluu-maji, wa majenta, wa njano na mweusi. Kila karatasi hunywa wino kwa namna yake. Kwa hiyo kila mashine pamoja na karatasi yake ina profaili yake, yaani orodha inayosema: ukitaka rangi hii, mwaga wino kiasi hiki. Kuitafsiri picha kutoka profaili ya simu kwenda profaili ya mashine ndiko kupanga rangi. Kwenye kompyuta zenye Kireno utaona sehemu hiyo ikiitwa gestão de cor.

NYAPARA MMOJA, SI WAWILI

Hapa ndipo picha nyingi huharibika, kwa hiyo tusome polepole.

Kazi ya kutafsiri rangi inaweza kufanywa na programu ya picha ndani ya kompyuta. Inaweza pia kufanywa na mashine ya kuchapia yenyewe. Njia zote mbili zafaa. Kisichofaa ni zote mbili kufanya kwa pamoja. Ni kama shamba lenye wanyapara wawili: wa kwanza anasema ongeza maji, wa pili anakuta yameongezwa, naye anaongeza tena, na miche inaoza. Programu ikitafsiri na mashine ikatafsiri tena, picha mara nyingi hutoka nzito, yenye wekundu wa majenta. Na kama hakuna anayetafsiri, rangi hutoka zimepotoka vilevile.

Kanuni ni hii. Ukichagua programu isimamie rangi, lazima uzime usimamizi wa rangi ndani ya mashine. Ukichagua mashine isimamie, programu iachwe bila kutafsiri, na picha iwe katika sRGB. Kwa duka dogo lisilo na profaili ya karatasi yake, njia ya pili ndiyo salama.

KARATASI NA WINO

Mashine haioni karatasi uliyoweka, huamini ulichoiambia. Ukiiambia kuwa karatasi ni ya picha kumbe ni ya kawaida ya ofisini, itamwaga wino mwingi, karatasi italowa, na sehemu za giza zitaungana kuwa doa moja. Ukiweka karatasi ya picha na kuiambia kuwa ni ya kawaida, rangi hazitalingana na picha. Jina la karatasi kwenye kompyuta na karatasi iliyomo mashineni lazima viwe kitu kimoja.

Wino nao ni hivyo hivyo. Profaili ya kiwandani imepimwa kwa wino wa kiwanda kile. Wino wa kujazia wa bei nafuu waweza kutumika, lakini rangi zake hazitafuata orodha ile sawasawa. Fundi hana budi kujaribu na kurekebisha. Na kabla ya yote achape ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Tundu likiziba, hakuna mpango wa rangi utakaosaidia.

KWA NINI SURA NYEUSI HUUMIA ZAIDI

Sura ya mtu mweusi katika picha hukaa upande wa tarakimu za chini. Tofauti kati ya shavu, pua na kope ni hatua ndogo ndogo ndani ya upande huo. Karatasi hasa ya kawaida haiwezi kutoa weusi mzito kama unaoonekana kwenye kioo cha kompyuta, basi hatua zile za chini hukatwa zote na kuwa kitu kimoja. Mtu mweupe hapotezi sura hapo, kwa sababu sura yake iko upande wa juu. Katika programu nyingi kubwa ipo sehemu ya kufidia weusi, ambayo huzisogeza hatua za giza zisikatwe. Fundi anayesimamia rangi kwa programu aiwashe.

Lakini picha iliyoharibiwa tangu kupigwa haiponi kwenye kuchapwa. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ukisimamishwa mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, nayo hupunguza mwanga; sura yako ndiyo inayolipa. Mpiga picha aguse uso kwenye kioo cha simu ili kipimo kiwe cha uso, kisha aongeze mwanga kidogo. Wewe uelekee mlango au dirisha, usilipe mgongo.

MAMBO YA KUMWAMBIA MWENYE MASHINE

1. Pima mwanga kwa uso wangu, si kwa ukuta.
2. Zima kile kinachopendezesha sura. Programu hizo hulainisha na kuweupisha ngozi. Kadi inataka sura yangu, si sura nyingine.
3. Picha ichapwe katika sRGB.
4. Msimamizi wa rangi awe mmoja tu.
5. Jina la karatasi lilingane na karatasi.
6. Punguza mwanga wa kioo cha kompyuta. Kioo kikiwaka mno, picha nyeusi itaonekana nyeupe machoni pa fundi, naye atadhani ni nzuri.
7. Chapa kwanza vijipicha vinne katika karatasi moja, kila kimoja kwa mpango wake, uandike mpango huo nyuma yake. Ngoja vikauke. Tuvitazame nje kivulini mchana, si chini ya taa ya njano.

Fundi akipata mpango mzuri aubandike ukutani. Kesho hatabahatisha tena, wala hatapoteza karatasi na wino.

PICHA YA JERAHA

Liko jambo jingine kubwa kuliko kadi. Wenzetu wanaobangua korosho wanajua mafuta ya ganda yanavyounguza mikono. Jeraha likipigwa picha ili lipelekwe kwa mganga au kwenye madai, rangi ndiyo ushahidi. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Picha ikitoka nyeusi mno, jeraha hupotea, na anayebisha hupata la kusema. Ikitoka nyekundu kwa sababu ya wanyapara wawili, atasema tumeongeza chumvi.

Kwa hiyo, ndugu, weka kipande cha karatasi nyeupe safi kando ya mkono kabla ya kupiga picha. Baada ya kuchapwa, itazame karatasi ile kwenye picha. Ikiwa imekuwa ya njano, ya buluu au ya waridi, ujue rangi zimepotoka, na jeraha nalo limepotoka. Irudishwe ichapwe tena. Picha ya asili ibaki katika simu bila kurekebishwa, na nakala yake ikabidhiwe kwa mwakilishi wa chama.

KAZI YA MATAWI

Mtu mmoja akilalamika dukani ataambiwa aende kwingine. Tawi zima likienda na vichwa arobaini vya kupigwa picha, mwenye duka atasikiliza. Basi matawi yapatane na mpiga picha mmoja, yamsomee mambo saba yaliyoandikwa hapa, na yasipokee picha wala kulipa salio mpaka kila mwanachama atazame picha yake nje mchana na kuona macho yake mwenyewe. Mwandikishaji naye asigonge muhuri juu ya kivuli.

Umoja ni nguvu.