Habari ya Mguu Uvimbao Baada ya Damu Kuganda

Wasomaji wetu, si mara moja tumeulizwa habari ya mguu uvimbao jioni na kunywea asubuhi, kwa mtu ambaye mwaka mmoja au miwili nyuma aliugua damu iliyoganda katika mshipa wa ndani ya mguu. Huulizwa zaidi kwa ajili ya akina mama, maana majuma sita baada ya kujifungua damu huganda kwa wepesi kuliko kawaida. Mgonjwa alitibiwa, akaonekana amepona. Sasa mguu ni mzito kama gogo, unawasha, na ngozi juu ya kifundo inageuka nyeusi. Majirani hunena: amerogwa, au, dawa ya hospitali haikufaa kitu. Maneno hayo mawili si kweli.

Damu iliyoshuka miguuni hurudi moyoni kwa kupanda, na ili isiteremke tena, ndani ya mishipa mna vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu. Mwingereza William Harvey alieleza kazi ya vilango hivyo mwaka 1628: alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa, akajaribu kuisukuma damu ya mshipa kwa kidole kuelekea kiganjani, nayo ikakataa kwenda. Bassi, bonge la damu likaapo mshipani huviharibu vilango, au huacha kovu liuzibalo mshipa. Dawa huzuia bonge lisikue, na mwili wenyewe huliyeyusha kidogo kidogo. Lakini kilango kilichoharibika hakirudi kuwa kizima. Damu hutuama chini, maji yakapenya nje ya mshipa, mguu ukavimba.

Katika watu 100 walioganda damu mguuni, 20 hata 50 hupata taabu hii, wengi wao kabla ya miaka miwili kwisha. Wachache hutokwa na kidonda juu ya kifundo, upande wa ndani, nacho hakitaki kufunga. Mtu hukinyunyizia unga wa dawa mwezi baada ya mwezi, asijue ya kuwa ugonjwa umo katika damu iliyotuama. Kidonda hicho hutaka bendeji ya kubana, toka vidoleni mpaka chini ya goti. Lakini kwanza daktari apime kama mguu wapata damu ya kutosha, kwa maana usioipata ukibanwa waweza kufa.

Na soksi ndefu za kubana je? Zilisifiwa sana kuwa kinga. Mwaka 2014 uchunguzi wa watu 806 katika Kanada na Marekani ulionyesha kwamba hazikuikinga taabu hii kuliko soksi za kuigiza. Hata hivyo mwenye uvimbe akiona nafuu, na avae.

Lililo kubwa ni dawa ya kuzuia damu isigande: inywewe muda wote ulioagizwa, walau miezi mitatu. Wengine huiacha maumivu yakiisha. Hilo twaliona kosa baya kuliko yote, maana bonge la pili katika mguu ule ule huongeza sana hatari. Kutembea ni kwema, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ndiyo isukumayo damu juu. Akipumzika, na auinue mguu.

Lakini mguu ukivimba ghafula kupita desturi yake, au kifua kikiuma na pumzi kukatika, asingoje kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile.