Je, Wajua? Ukuta wa Kwenye Gemu Ulijengwa kwa Ajili ya Kidole Gumba

Gemu la vita la kujibanza ukutani linafaa safari ndefu kama ya basi kutoka Mbeya hadi Iringa: halihitaji runinga wala pedi, linashikwa kwa mikono miwili tu. Askari anasogezwa hadi kwenye kreti au gunia la mchanga, anachuchumaa mgongo ukigusa kinga, risasi zinapita juu ya kichwa. Anachungulia, anafyatua mbili tatu, anarudi chini. Wengi huamini kwamba watengenezaji waliiga mafunzo ya jeshini. Hoja yangu ni kwamba, katika mashine ya mkononi, ukuta ule unamhudumia mchezaji mwenye kidole kizito zaidi ya unavyoeleza vita.

Itazame PSP, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2004. Kioo chake ni cha inchi 4.3, na kijiti cha kuongozea ni kimoja tu, chini kushoto. Gumba la kushoto linatembeza askari. La kulia lina vitufe vinne vya kubonyeza. Nani basi anageuza macho? Hakuna kidole kilichobaki. Ndiyo maana Guerrilla Games ya Amsterdam, ambayo Killzone yake ya mwaka 2004 ilichezwa kwa macho ya askari mwenyewe, ilipoipeleka PSP mwaka 2006 kwa jina la Killzone: Liberation ilipandisha kamera juu, mchezaji akawa anautazama uwanja kama kunguru aliye juu ya paa. Kinga nazo zikafanya kazi ya kununua muda: ukiwa umejibanza, unapata nafasi ya kupanga shabaha ambayo gumba peke yake lingechelewa kuipata.

Mtu atauliza: mbona kujibanza kulivuma kwenye mashine kubwa zenye vijiti viwili? Ni kweli, kill.switch ilitoka mwaka 2003, na Gears of War ya 2006 ndiyo iliyoueneza mtindo huo duniani. Lakini hata vijiti viwili ni vizito vikilinganishwa na kipanya cha kompyuta, ambacho huzungusha shabaha kwa mkono mzima. PS Vita, mrithi wa PSP, ilipokuja na kijiti cha pili, kinga hazikuondoka: Unit 13 ya mwaka 2012 bado ni gemu la kujibanza. Nakubali kwamba hapo mazoea yalikwisha kuingia, na kwamba kujificha na kuchungulia kuna utamu wake, kama kombolela. Hata hivyo gumba lilibaki lilelile.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kinga ni kweli ya vita tangu enzi. Sawa, ila Iringa inaonyesha jinsi kweli hiyo ilivyo tofauti. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliuvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski uliokuwa ukitembea kwa mstari mrefu. Vichaka na mawe viliwaficha, lakini havikuwa mahali pa kukaa na kurushiana risasi. Silaha yao kubwa ilikuwa mkuki, na mkuki unataka uache maficho na kumkaribia mtu kabla bunduki yake haijajazwa tena. Kwa dakika chache Zelewski alikuwa maiti, pamoja na wengi wa askari wake. Anayejaribu hivyo kwenye gemu, akatoka mafichoni mbio, huanza upya.

Halafu kuna ukuta wenyewe. Katika gemu nyingi za aina hii kreti haichoki kupigwa, na askari aliyejeruhiwa akikaa nyuma yake sekunde kadhaa damu inakauka, anakuwa mzima. Mkwawa, chifu wa Wahehe hao, alikuwa na ukuta wa mawe Kalenga, mkubwa kuliko kinga yoyote ya kwenye kioo. Oktoba 1894 Wajerumani wakiongozwa na Gavana von Schele waliupiga kwa mizinga, wakauvamia, na tarehe 30 boma likaanguka. Mkwawa alitoroka, akapigana msituni miaka karibu minne bila ukuta wowote.

Makumbusho ya Kalenga yako magharibi ya Iringa mjini, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Ukishuka kwenye basi, zima mashine, ukayaone mabaki ya ukuta usiojirudia baada ya kupigwa.