Lubumbashi: mwenye duka akifa, je, duka linabaki?

Katika komini za Kenya, Katuba na Kampemba, jambo hili linajulikana sana. Baba mwenye depo anakufa. Kilio kinafanyika, watu wanamzika, na siku chache nyuma ya hapo mlango wa depo unafungwa kwa kufuli mbili: moja ya watoto, nyingine ya ndugu wa marehemu. Mizigo inaozea ndani. Wateja wanaenda kununua kwingine. Kazi iliyojengwa kwa miaka 20 inakwisha kwa miezi michache.

Watu wengi wanasema ni wivu wa jamaa, wengine wanataja uchawi. Lakini historia ya mji wetu inaonyesha sababu zilizo wazi zaidi, na pia njia ya kuziepuka.

Kampuni iliyopita miaka 100

Mwaka wa 1922, Malta Forrest, mtu aliyetoka New Zealand, alianzisha kampuni hapa Katanga. Mwanzoni ilikuwa kazi ya usafirishaji. Baadaye ikaingia katika migodi, barabara na ujenzi. Mwana wake, George Arthur Forrest, alizaliwa mjini humu mwaka wa 1940, wakati ulipoitwa Élisabethville, naye akashika uongozi mwaka wa 1986. Leo kizazi cha tatu kimo ndani ya uongozi kupitia Malta David Forrest, mtoto wa George.

Groupe Forrest limelaumiwa mara nyingi kuhusu mikataba yake ya migodi, na mjadala huo haujaisha. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara anayefikiria kesho, kuna jambo la kutazama: kampuni ilipita ukoloni, kujitenga kwa Katanga kati ya 1960 na 1963, utawala wa Mobutu na vita vya 1997. Haikubaki na kazi moja tu, na mtoto aliingia kazini na kuijua kabla ya kukaa kwenye kiti cha baba.

Funzo la mwaka wa 1973

Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisasyo. Maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni vilipewa raia wa Zaire. Lubumbashi, ambako Wagiriki, Wareno na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walikuwa na maduka mengi, iliguswa sana.

Wengi waliopewa maduka waliuza mizigo iliyokuwamo, wakatumia feza, na hawakuweza kuagiza mingine. Waliokuwa wakiwapa wenye zamani mizigo kwa deni hawakuwajua hawa wapya. Rafu zikabaki tupu. Kuanzia mwisho wa 1975 serikali ilianza kurudishia wenyewe sehemu ya mali, na mwaka wa 1976 ikaenda mbali zaidi.

Watu wakizungumzia wakati ule, wanataja siasa. Lakini jambo lilo hilo linatokea kila siku ndani ya familia zetu. Mrithi anapewa ufunguo, lakini hapewi jina la anayeleta unga, bei halisi ya mzigo, wala orodha ya wenye deni. Vitu hivyo vyote vilikuwa katika kichwa cha marehemu, na vimezikwa naye.

Ukubwa pia haulindi. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka kumi hivi baadaye ilikuwa chini ya tani 50.000. Feza zake zililipia mahitaji mengi ya serikali, huku mitambo ikizeeka. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Anayekula mtaji bila kurudisha kitu kazini anajua mwisho wake.

Na Mazembe?

Hata timu ya mpira inaweza kufundisha. Timu tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka wa 1939 na watawa Wabenedikto. Waanzilishi waliondoka, jina likabadilika mara kadhaa, lakini timu ilibaki kwa sababu mji mzima uliichukua kuwa yake. Ilishinda kombe la Afrika 1967 na 1968, kisha, chini ya Moïse Katumbi aliyekuwa prezida wake tangu 1997, ikalishinda tena 2009, 2010 na 2015. Swali ambalo mashabiki wa Kamalondo wanaulizana ni lile lile la mwenye depo: siku mkubwa huyu akitoka, nani atalipa, na nani ataamua?

Sheria inasema nini

Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, wote kwa usawa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa pia, ikiwa baba alimtambua akiwa hai. Robo inayobaki ni ya kundi ambamo kuna mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana pia sehemu yake katika mali ya ndoa, kufuatana na mpango waliouchagua. Lakini ikiwa ndoa haikuandikishwa komini, taabu yake ni kubwa zaidi, hata kama ndiye aliyekuwa akiuza kila siku.

Kwa hiyo duka lililoandikwa kwa jina la mtu mmoja linaingia moja kwa moja katika ugawanyaji: friji kwa huyu, gari kwa yule. Njia nyingine ipo. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria zake zinamruhusu hata mtu mmoja kufungua kampuni ya SARL. Mwenye kampuni akifa, kampuni haifi naye, isipokuwa kama maandiko yake yenyewe yanasema hivyo. Warithi wanagawana hisa, na duka linaendelea kuuza. Maandiko hayo yanaweza pia kueleza mapema ni nani anaweza kuingia na kwa masharti gani.

Wosia nao unasaidia. Ule wa mkono unatakiwa kuandikwa wote na mwenyewe, kuwekwa tarehe na kutiwa sahihi. Hauwezi kuwanyang'anya watoto haki yao, lakini unaweza kuzuia ugomvi mwingi.

Karatasi peke yake haitoshi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kaye ya madeni iliyo wazi, konti ya banki kwa jina la kampuni, na mtu wa pili ambaye waleta mizigo wanamjua kwa sura na kwa sauti: hayo hayahitaji mtaji mkubwa.

Kila mwenye duka anaweza kujipima. Ukienda Kasumbalesa au Dar es Salaam juma mbili na telefone yako ikazimika, je, watu wako wataweza kuagiza, kulipa na kuuza? Kama hapana, afadhali ujue leo, wakati ungali unaweza kurudi na kuwafundisha.