Mstaafu na Kalamu: Jinsi ya Kuandika na Kuchapisha Riwaya ya Historia

Kila mwaka walimu, wauguzi, makarani na machifu wa Taita Taveta hufikisha umri wa miaka 60 na kustaafu. Hurudi Wundanyi, Mwatate, Voi au Taveta wakiwa bado na nguvu, na wakiwa na masimulizi waliyopewa na babu na nyanya zao. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mstaafu anaweza kufuata ili masimulizi hayo yawe riwaya ya historia, bila kupoteza kiinua mgongo chake njiani.

Kwa nini jambo hili ni la haraka

Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu hadi Malindi, ikiwashuku kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku hiyo hayupo tena. Waliomsikia akisimulia ni wajukuu wake, nao ndio wanaostaafu sasa au tayari ni wazee. Wakiondoka bila kuandika, kitakachobaki zaidi ni ripoti za wakoloni na vitabu vya wanajeshi. Ripoti hizo hutaja tarehe na idadi ya watu. Hazisemi mama alibeba nini alipoambiwa aondoke, wala watoto walilia njaa mahali gani.

Hapo ndipo riwaya inapofaa. Mwanahistoria hawezi kuandika mazungumzo ambayo hakuna aliyeyanakili. Mwandishi wa riwaya anaweza kuyabuni, mradi msomaji ajue kwamba anasoma riwaya, na mradi matukio makuu, miaka na mahali viwe vya kweli.

Umri si kizuizi

Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, alimaliza mwaka 1945 kuandika riwaya kuhusu maisha ya kale ya Wakerewe, kwa lugha ya Kikerewe. Hakupata wa kuichapisha. Uzeeni aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Kisa chake kinaonyesha kwamba uzee haumzuii mtu kufanya kazi kubwa, na pia kwamba mswada ukikaa sandukuni muda mrefu, mwenyewe huenda asiyaone matunda yake.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alistaafu kufundisha chuo kikuu nchini Uingereza mwaka 2017. Mwaka 2020 alitoa riwaya ya Afterlives, inayohusu watu wa Afrika Mashariki chini ya utawala wa Wajerumani na vita vile vile vilivyopiganwa Taveta na Salaita. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kukusanya na kuhakiki

Hatua ya kwanza ni kuwasikiliza wazee wengine na kuwarekodi kwa simu, baada ya kuwaomba ruhusa. Inafaa kuandika jina la msimulizi, kijiji, tarehe na nani alimsimulia yeye. Wazee wawili wakitofautiana, maelezo yote mawili yahifadhiwe.

Hatua ya pili ni nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Moi Avenue, Nairobi, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Mwananchi hulipa ada ndogo na kuruhusiwa kusoma ripoti za zamani za wilaya. Maktaba za umma, ambazo Katiba ya 2010 iliziweka chini ya kaunti, pia huwa na vitabu vya historia. Makaburi ya wanajeshi yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yana majina na tarehe zilizochongwa kwenye mawe, na kuyatembelea hakuhitaji safari ya Nairobi.

Kuhakiki humwepusha mwandishi na aibu. Mifano ni hii:

- Mhusika hawezi kufika Taveta kwa treni mwaka 1914. Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914, na reli kutoka Voi kuelekea huko ilianza kujengwa mwaka 1915.
- Mpagazi wa mwaka 1916 hakulipwa kwa shilingi. Pesa za wakati huo zilikuwa rupia. Shilingi ilianza mwaka 1921.
- Mpagazi huyo hakuvaa kipande shingoni. Kipande kilianza kutumika baada ya vita.
- Hakuna aliyeiita nchi hii Koloni la Kenya kabla ya mwaka 1920.

Kwa familia ambazo vizazi vyake bado viko, ni busara kubadilisha majina. Babu anayetajwa kuwa msaliti ana wajukuu wanaoishi kijiji hicho hicho.

Kuandika na kuhariri

Kurasa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni zaidi ya kurasa 200 kwa miezi 6. Asiyejua kompyuta anaweza kuandika kwa mkono katika daftari, kisha akamlipa kijana wa kuchapa. Nakala ihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye barua pepe ya mwandishi. Lugha iwe ile anayoimudu vyema. Maneno ya Kidawida, Kisagalla au Kitaveta yanaweza kubaki katika mazungumzo pale ambapo Kiswahili hakitoshi.

Mswada ukikamilika, usomwe kwanza na watu wawili: mmoja anayeijua historia ya mahali hapo, na mwingine asiyeijua kabisa. Baada ya hapo ndipo apewe mhariri.

Njia mbili za kuchapisha

Njia ya kwanza ni kampuni ya uchapishaji. Kampuni ikiukubali mswada, hugharamia uhariri, jalada na uchapaji, kisha humlipa mwandishi mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Jibu huweza kuchukua miezi mingi. Mkataba usomwe wote kabla ya kutia sahihi, ikiwezekana pamoja na wakili.

Njia ya pili ni kujichapishia. Hapa mwandishi hulipa kila kitu na faida ni yake, hasara pia. Tuseme kuchapa nakala 200 ni shilingi 400 kila moja, yaani shilingi 80,000, na uhariri na jalada ni shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 120,000. Akiuza kila nakala kwa shilingi 600, itabidi ziishe zote 200 ndipo arudishe pesa yake tu. Kwa sababu hiyo, ni heri kuanza na nakala chache, na kutotumia pesa za matibabu au karo.

Tahadhari inahitajika kwa anayejiita mchapishaji kisha akamwomba mwandishi malipo. Huyo anauza huduma. Aulizwe bei ya kila kazi, idadi ya nakala na tarehe ya kuzileta, na yote yawekwe kwa maandishi.

Haki na sheria

Kitabu kinachouzwa madukani huhitaji nambari ya ISBN, ambayo nchini Kenya hutolewa na Shirika la Huduma za Maktaba za Kitaifa (KNLS). Sheria ya Vitabu na Magazeti humtaka mchapishaji awasilishe nakala 2 kwa Msajili wa Vitabu. Anayejichapishia ndiye mchapishaji, hivyo wajibu huo ni wake.

Hakimiliki huanza mara tu kazi inapoandikwa. Hata hivyo, kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) humpa mwandishi ushahidi iwapo kazi yake itaibwa. Hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kitabu ni mali ya urithi, na kinafaa kutajwa katika wosia kama shamba linavyotajwa.

Wasomaji wa kwanza wa kitabu cha namna hii huwa ni majirani: kanisani, msikitini, katika vyama vya wastaafu na mikutano ya shule. Shule inaweza kukiweka maktabani. Lakini kitabu cha kufundishia darasani ni lazima kwanza kiidhinishwe na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD).

Kwa mstaafu ambaye hajui aanzie wapi, daftari moja na simu ya kurekodi vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Aanze na mzee aliye na umri mkubwa kuliko wote kijijini, na aende wiki hii.