Kazi ya Kwanza Isiyovutia: Binti Aikubali?

Mama mwenzetu, huenda unaye nyumbani binti wa namna hii. Amesoma uuguzi miaka mitatu. Ada imetoka kwenye mbaazi za Hanang, vitunguu saumu vya Mbulu, na ng'ombe waliopelekwa mnadani. Sasa ana stashahada na leseni. Kisha anaitwa kazini, si katika hospitali kubwa, bali katika zahanati ndogo, mbali na lami, kwa mshahara mdogo kuliko alioutazamia. Baba anasema, "Hatukuuza ng'ombe kwa ajili ya hiyo." Binti ananyamaza.

Nyakati zimebadilika

Wengi wetu hupima jambo hili kwa kipimo cha zamani. Zamani mhitimu alipangiwa kazi na Serikali moja kwa moja. Mwaka 1993 ajira za namna hiyo zilisitishwa. Mwaka 2016 ajira mpya zilisimama tena kwa muda, wakati wa uhakiki wa watumishi hewa. Siku hizi nafasi hutangazwa na waombaji ni wengi. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, inatamaniwa na mabinti wengi wa kwetu, lakini haiwezi kuwapokea wote. Na anayengoja nyumbani muda mrefu, mikono yake husahau kazi.

Kazi ndogo na kazi mbaya

Sisi wauguzi tunajua kwamba kazi ndogo si lazima iwe mbaya. Katika zahanati, kwa juma moja binti anaweza kupima wajawazito, kuchanja watoto, kufunga vidonda na kusaidia uzazi. Anajifunza pia kumsikiliza mama Mwiraqw au Mdatoga ambaye hasemi shida yake mara moja. Kukaa dukani mjini akipokea fedha huenda kukamlipa zaidi, lakini baada ya miaka miwili uuguzi wake utakuwa umelala.

Lakini kabla hajakubali, aulize mambo manne.

Nani atamsimamia? Mwanagenzi asiachwe peke yake usiku na mzazi anayetokwa damu, bila mkubwa wa kumwita wala gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Hapo maisha ya watu yamo hatarini.

Je, masharti yameandikwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hivyo. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu yake. "Utaelezwa ukifika" si mkataba.

Mshahara unatosha nini? Hesabuni chumba, chakula na nauli. Ikiwa kila mwezi atahitaji kutumiwa fedha kutoka nyumbani, basi ninyi ndio mnaomlipa mshahara.

Ataondokaje? Kwa kawaida, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Vyeti vyake halisi avitunze mwenyewe. Mwajiri abaki na nakala.

Sehemu ya mama

Ikiwezekana, msindikize kabla hajajibu. Angalieni chumba, kitasa cha mlango, maji, na njia atakayopita usiku. Zungumzeni na akina mama wa pale. Wao wanajua kama watumishi hudumu au hukimbia. Kisha mwache aamue mwenyewe, kwa maana yeye ndiye atakayeamka usiku.

Akikubali, ajiwekee muda, mwaka mmoja au miwili, huku akiendelea kuomba nafasi zinapotangazwa. Akikataa, akatae kwa sababu ameona kasoro tulizozitaja, si kwa kuogopa majirani watasema nini. Naye baba aelezwe kwa upole kwamba ng'ombe waliuzwa ili binti awe muuguzi, na ukubwa wa jengo haukuwa sehemu ya bei.