Nani Ameshika Kamera?



Jioni, kazi za shamba zikiisha, watu wengi hapa Mlowo hukaa mbele ya televisheni. Wengine wanayo nyumbani. Wengine huenda kwa jirani, au husimama mlangoni mwa duka. Zikifika habari za nchi za nje, anaonekana mtu amesimama mbele ya nyumba iliyobomoka. Ameshika kipaza sauti. Anaeleza vita, au mafuriko, au uchaguzi. Baada ya dakika mbili ametoweka, na habari nyingine imeingia.

Mtu huyo ni mwandishi wa habari aliyepelekwa nchi ya nje. Kituo chake kimemtuma aende akaone kwa niaba ya watu wa kwao. Shika maneno hayo: kwa niaba ya watu wa kwao. Je, kwao ni wapi? Mara nyingi si Mbozi.

Picha inafikaje hapa?

Kumweka mwandishi katika nchi ya kigeni ni gharama kubwa. Anahitaji nauli, mahali pa kulala, mpiga picha, na mwenyeji wa kumtafsiria lugha. Kwa sababu hiyo vituo vingi vya nchi zetu haviwezi kuwa na mwandishi kila mahali. Hununua picha kutoka mashirika makubwa ya habari. Reuters lina makao yake London, Uingereza. Associated Press lina makao yake New York, Marekani. AFP lina makao yake Paris, Ufaransa. Mtangazaji wa Dar es Salaam anasoma maelezo kwa Kiswahili kizuri, lakini picha unayoiona huenda imepigwa na mtu wa shirika mojawapo kati ya hayo.

Kamera nayo ina jicho jembamba. Ikielekezwa kwenye moto, soko lililo jirani halionekani. Kisha picha za siku nzima hupelekwa kwa wahariri. Wao hukata, hupunguza, na kubakiza dakika mbili. Kwa hiyo habari unayoiona imechaguliwa mara nyingi kabla ya kufika kwako.

Baridi ya Brazil

Tuchukue mfano wa kahawa, maana wengi wetu wilayani Mbozi tunaishi kwa kahawa.

Brazil hutoa kahawa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwezi Julai 1975 jalidi, yaani umande ulioganda kama barafu, iliunguza mibuni katika jimbo la Paraná. Mibuni mingi mno ilikufa. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda sana katika soko la dunia. Mwezi Julai 2021 jalidi ilipiga tena, safari hii zaidi katika jimbo la Minas Gerais. Bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ikapanda tena.

Sasa fikiri. Mwandishi anayetoa habari hiyo kwa watu wa London anazungumza na wanywaji wa kahawa. Atawaambia kwamba kikombe kitapanda bei. Kwao hiyo ni habari mbaya. Mkulima wa Mlowo akiisikia, atajiuliza kama kilo yake nayo itapanda. Kwa mkulima wa Paraná, shamba limekwisha. Akipanda mibuni mipya, atangoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchuma vizuri.

Habari ni moja, lakini wenye habari ni watatu. Mwandishi hakusema uongo. Amejibu swali la watu waliomtuma. Swali lako wewe hakulijibu, kwa sababu hakuna aliyemtuma aliulize.

(Bei kupanda New York na mkulima kulipwa zaidi ni mambo mawili tofauti. Hilo lina somo lake, nalo ni refu.)

Mohamed Amin na njaa ya Ethiopia

Watu wengine hudhani kwamba picha zote za Afrika zilipigwa na Wazungu. Sivyo. Picha za habari zilizotikisa dunia kuliko karibu zote za Afrika zilipigwa na mtu wa huku kwetu. Jina lake Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikoanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi.

Mwezi Oktoba 1984 Mohamed Amin alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Walifika mahali panapoitwa Korem. Hapo walikuta makumi ya maelfu ya watu wenye njaa, wamelala nje katika baridi. Kila usiku watu walikufa. Amin alipiga picha alfajiri, jua likianza kutoka, watu wakiwa wamejifunika mashuka yao. Mikanda ilipelekwa London kwa ndege. Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilionyesha habari hiyo. Baadaye ilionyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani.

Watu walilia sebuleni mwao. Fedha zilichangwa. Tarehe 13 Julai 1985 wanamuziki walifanya maonyesho makubwa London na Philadelphia ili kuchangia wenye njaa. Chakula kilipelekwa, na watu wengi walipona. Hayo yote yalitokana na kamera moja.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Mwezi Machi 1984 tume ya Ethiopia yenyewe ya misaada ilikuwa imekwisha kuonya kwamba njaa kubwa inakuja. Onyo hilo lilikuwa maneno kwenye karatasi. Halikuwa na picha, na nchi tajiri hazikushtuka. Serikali ya Mengistu Haile Mariam nayo ilikuwa na mambo yake. Mwezi Septemba 1984 ilifanya sherehe kubwa za miaka kumi ya mapinduzi, huku watu wa kaskazini wakifa.

Tena palikuwa na vita. Jeshi la serikali lilikuwa likipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea. Vita viliharibu mashamba na masoko, vikazuia chakula kufika. Kamera ya Korem ilionyesha wenye njaa. Haikuweza kuonyesha vita vyote vilivyokuwa nyuma yao. Watazamaji wengi wa ng'ambo walibaki na neno moja tu: ukame. Kwa maoni yangu hapo ndipo picha nzuri inapoweza kumpoteza mtu. Ukame hauna wa kulaumiwa, lakini vita vina wenyewe.

Kuna jambo jingine. Miaka mingi ilipita, mvua zikanyesha, watu wa Ethiopia wakalima na kuvuna. Hata hivyo watu wengi wa nje, wakisikia jina la Ethiopia, waliendelea kumwona mtoto aliyekonda.

Na sisi wa Tanzania Bara, je, tuliiona habari hiyo? Mwaka 1984 Zanzibar ilikuwa na televisheni, lakini Bara haikuwa nayo. Kituo cha kwanza cha Bara kilianza mwaka 1994. Kijana aliyekulia Dar es Salaam alionyesha dunia njaa ya Korem, na majirani zake wa zamani wakaisikia kwa redio.

Mohamed Amin alipoteza mkono wake wa kushoto mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Kongo ya televisheni na Kongo ya madereva

Hapa Mlowo tuna bahati moja. Barabara kuu iendayo Tunduma inapita katikati yetu. Malori yanakwenda Zambia na Kongo, na mengine yanarudi na shaba.

Kwenye televisheni, Kongo mara nyingi ni Goma. Mwezi Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji huo, na tuliona watu wakikimbia na magodoro kichwani. Ni kweli tupu, na ni uchungu mkubwa. Lakini kutoka Goma hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,000. Dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi ana habari nyingine kabisa. Atakueleza juu ya foleni ya Kasumbalesa mpakani, ushuru, bei ya chakula, na siku alizolala ndani ya gari.

Dereva huyo akisimama hapa kula, kaa naye. Muulize ametoka mji gani na ameona nini kwa macho yake. Muulize pia kama amewahi kufika Goma. Huenda akakujibu kwamba Goma na yeye huiona kwenye televisheni, kama wewe.